Tarehe Niliyomwandikia Mama Mkwe

Kabla ya yote niseme kwamba niliandika mimi. Kalamu ilikuwa yangu, mwandiko ni wangu, na hakuna aliyenishika mkono. Mama mkwe wangu aliweka sahihi tu pale nilipomwonyesha kwa kidole. Naanza na hili kwa sababu kisa hiki nimekisimulia mara nyingi, kanisani na nyumbani, na kila nilipofika hapo nilikuwa nasema "ikaandikwa tarehe", kana kwamba tarehe hujiandika yenyewe.

Nilikulia kambini, mkoa wa Kigoma, mtoto wa Warundi waliovuka mpaka. Mtu wa kambini ana namna yake ya kuitazama karatasi. Karatasi si ya kusoma, ni ya kuwahi. Unafika dirishani, unaambiwa weka kidole hapa, unaweka. Ukianza kuuliza maswali, aliye nyuma yako anapewa mahindi na wewe unaambiwa urudi wiki ijayo. Na tarehe ndiyo usiseme. Wengi wa rika langu tulioletwa Marekani tumezaliwa Januari mosi, kwa sababu karani hakuwa na muda wa kuwauliza mama zetu ulikuwa msimu wa maharage au wa mihogo. Mwaka Mpya ukifika, kanisani kwetu hapa Columbus watu husimama safu nzima kupongezwa siku ya kuzaliwa, na tunacheka kweli. Lakini tulijifunza mapema kwamba tarehe ni mali ya ofisi. Anayeijua ni karani, wewe kazi yako ni kukubali.

Tunakaa Northland, karibu na barabara ya Morse. Kwa miaka kadhaa nilipakia maboksi kwenye ghala moja upande wa Reynoldsburg, mpaka mgongo ukaanza kunisema. Ndipo nikasikia habari za franchaizi ya usafi. Unailipa kampuni, nayo inakupa jina lake, sare yake na majengo ya kusafisha: ofisi, kliniki, mahali kama hapo. Wewe huwi mfanyakazi tena, unakuwa mwenye biashara. Nilipojiunga, dada mmoja wa kanisani, Mkongo wa Kivu, alinidaka mlangoni mbele ya watu: "Bon, sasa wewe uko patron! Donc sisi tutakuita nani, Directeur?" Nilijifanya naona haya. Nilipofika nyumbani nilivaa ile sare, nikasimama mbele ya kioo cha bafuni, nikajipenda.

Jengo nililopewa lilikuwa mbali sana, nje kabisa ya mji, na lilikuwa la mazoezi ya viungo, lenye mabafu ambayo sitayaeleza hapa. Nikalalamika. Mwuzaji wa kampuni, mtu mchangamfu ambaye hakukosa kuuliza hali ya watoto, akaniambia kampuni inakua, inatafuta watu wachapakazi kama mimi katika miji mingine. Nikimletea watu wawili, atanitafutia jengo la karibu na nyumbani. Sikufikiri hata dakika moja. Niliwaza ndugu wa mke wangu: kaka yake aliyeko Buffalo, na mama yao aliyeko Louisville. Nikawaleta. Mimi nikapewa ofisi ya madaktari wa meno kwenye barabara ya Morse, naenda kwa miguu.

Mama mkwe wangu ni mjane. Alikuwa anakunja mashuka katika hoteli moja pale Louisville, na alikuwa ananiambia kwenye simu kwamba tangu aje duniani anafanya kazi ya kuitwa na kengele ya mtu mwingine. Alitaka kabla hajafa wajukuu waone kitu ambacho ni chake. Nilipomwambia habari ya franchaizi akauliza, "Na mimi mzee hivi, watanikubali?" Nikamwambia watamkubali, mimi nipo.

Nikaendesha gari mpaka Louisville Jumamosi moja, mwendo wa saa tatu na zaidi, ili nimtafsirie. Mwuzaji wa huko alikuja kwenye fleti yake na vitu viwili. Kimoja ni kitabu kinene cha maelezo ya kampuni: nani anaimiliki, imewahi kushtakiwa mara ngapi, nini utalipa, nini hutaruhusiwa kufanya. Cha pili ni mkataba wenyewe. Ukurasa wa mwisho wa kile kitabu ni stakabadhi. Unaweka sahihi kwamba umekipokea, na unaandika tarehe uliyokipokea. Kanuni ya nchi nzima ni kwamba lazima ukae nacho siku kumi na nne kabla ya kusaini mkataba au kutoa chochote, ili usome, uulize, umwonyeshe mtu. Hilo nilikuwa nalijua. Lilikuwa limeandikwa kwenye kitabu changu pia, na nililisoma baadaye, nilipokuwa tayari nimefanya upuuzi uleule wa kusaini bila kusubiri.

Mwuzaji akatazama saa yake, akauliza mama alipigiwa simu na kampuni mara ya kwanza lini. Nikamtajia. "Basi andikeni tarehe ile," akasema, "ni ya kumbukumbu tu." Akaongeza kwamba kuna kliniki inasubiri, na kuna mtu mwingine anaitaka.

Mama mkwe akakipima kitabu kwa mkono kama mtu anayenunua samaki. "Mkwe wangu, kinasema nini hiki?"

"Maelezo ya kampuni, Mama. Mambo ya kawaida."

"Chote hiki?"

"Ndiyo, Mama."

"Tungekiacha hapa kwanza, nikampa mtu wa kanisani akisome."

Hapo ndipo nilipoitoa methali yangu. "Mama, chelewa chelewa utakuta mwana si wako." Akacheka, maana ndiyo aliyonitolea mimi zamani nilipokuwa nasitasita kupeleka washenga kwake. Nikaandika tarehe, siku kumi na sita nyuma. Nikamwonyesha mstari, akaweka sahihi yake taratibu, herufi moja moja. Kisha tukageukia kile cha pili, yaani mkataba, akaweka sahihi na huko.

Shemeji wangu wa Buffalo nilimsaidia kwa simu, akiwa na mwuzaji wake. Nikamwambia aandike tarehe ya nyuma.

"Shemeji, nimekipata leo," akasema. "Naandika leo."

"Utalikosa jengo."

"Nilikose."

Nilimwita mbishi, nikamwambia kambini angekufa njaa. Mwuzaji alikuwa na haraka zake za mwisho wa mwezi, akazichukua karatasi bila kuzitazama. Nakumbuka nilimsimulia mke wangu jioni ile kwa kejeli, kwamba kaka yake hajui maisha.

Mambo yaliharibika polepole, kwa adabu. Mama mkwe alipewa ile kliniki, akaisafisha miezi michache, kisha ikaja barua kwamba mteja amelalamika. Alilalamika nini, hakuna aliyemwambia. Wakamnyang'anya, wakampa ofisi mbili upande mwingine wa mji, ambako hakuna basi la kueleweka, ikawa anabebwa na kijana wa jirani. Halafu hizo nazo wakazibadilisha. Mkataba ulisema kampuni ndiyo inayoamua. Ulisema pia kwamba akitoka, haruhusiwi kumsafishia mtu mwingine yeyote mjini mwaka mzima na zaidi. Mama wa watu aliyeacha kazi ya kengele alijikuta amejinunulia kengele.

Buffalo nako yalikuwa hayo hayo, ila huko shemeji alikutana na bahati. Alikuwa anasafisha ofisi kule Amherst, karibu na chuo kikuu, na kulikuwa na mwanafunzi wa sheria, Mkenya, aliyekuwa akichelewa kutoka. Wakazoeana. Siku moja akamwambia, "Hebu niletee hiyo agreement ni-check. Hii mambo si sawa." Akampeleka kwa wanasheria wa msaada. Hao wakamwambia kwamba jimbo la New York lina sheria yake yenyewe ya kuwalinda wanunuzi wa franchaizi: kampuni lazima ijiandikishe kwa serikali ya jimbo, lazima itoe kile kitabu mapema, na isipofanya hivyo mnunuzi mwenyewe anaweza kwenda mahakamani kuuvunja mkataba. Hata kama alisaini kwamba anaziacha haki zake, sahihi hiyo haihesabiki. Wakaangalia stakabadhi na mkataba. Tarehe moja. Kampuni ilipoandikiwa barua haikubishana sana. Ikamwachilia, ikamrudishia alichotoa.

Alinipigia simu anacheka kama mtoto. "Shemeji! Mama naye atafute wakili, upesi!"

Nilimpongeza. Nilipokata simu nilikaa kwenye gari, mbele ya ile ofisi ya madaktari wa meno, nikiifikiria tarehe niliyomwandikia mama.

Tulimpata wakili Louisville, mwanamke wa makamo aliyeongea taratibu kwa kutuhurumia. Ofisini kwake tulikaa watatu, yeye, mama mkwe na mimi katikati kama mtafsiri. Wakili akaeleza, nami nikamweleza mama. Kentucky haina sheria kama ile ya Buffalo. Mpaka ni mstari tu kwenye ramani, lakini ukiuvuka, ulinzi unabaki upande wa pili. Hata Ohio kwetu, sheria ipo, ila kampuni ikionyesha imefuata kanuni ya nchi nzima, ya jimbo inakaa pembeni. Na kanuni ya nchi nzima wanaoisimamia ni maofisa wa serikali. Mtu wa kawaida hawezi kuibeba peke yake akaenda nayo mahakamani. Kwa hiyo kwa mama kilichobaki ni sheria ya kawaida ya udanganyifu, ambayo inataka ushahidi.

Akaifungua stakabadhi mezani, akaweka kidole kwenye tarehe. "Kila kitu kiko hapa," akasema. "Kama alikipokea kitabu siku ileile aliyosaini, nina kamba ya kuvuta. Kama alikipokea siku hii iliyoandikwa, basi kampuni ilifuata kanuni, na mimi sina kitu cha kumsaidia. Muulize alikipokea siku gani."

Nilimgeukia mama mkwe. Na hiki ndicho nilichomwuliza, kwa Kiswahili kizuri kabisa: "Mama, anauliza kama kitabu ulikipokea kabla ya kusaini mkataba."

Hilo halikuwa swali la wakili. Kitabu kweli kilitangulia, kwa dakika ishirini, kwenye meza ileile. Mama mkwe alinitazama, akatazama karatasi, akanitazama tena.

"Ndiyo," akasema.

Nikamgeukia wakili. "Anasema ndiyo. Ni tarehe hiyo hiyo."

Wakili akafunga faili. Alisikitika, akampa mama mkono kwa mikono yake miwili.

Nimejiuliza mara nyingi niliogopa nini. Niliogopa kupoteza jengo la Morse, kwa sababu kampuni isingemwacha mtu aliyetoa siri akiendelea kwenda kazini kwa miguu. Nilimwogopa mke wangu. Lakini kikubwa zaidi ya vyote ni aibu. Kwetu mama mkwe si mtu wa kuvua nguo mbele yake, wala wewe kuvuliwa mbele yake. Nilikuwa mkwe aliyesoma, mkwe anayejua Kiingereza, mdomo wa ukoo mzima. Nisingeweza kufungua huo mdomo mbele yake na kusema nilikuuza, Mama, kwa ofisi ya madaktari wa meno. Nikaona afadhali aendelee kupiga deki.

Basi nikaanza kulipa kwa njia za uongo. Kila Jumamosi ya pili naendesha mpaka Louisville kumsaidia. Goti lake la kulia lilikuwa limevimba; yeye anakaa kwenye kiti cha wageni, ananielekeza, mimi nasukuma deki. Tukirudi kwake ananipikia ugali na maharage, ananiwekea mezani, kisha anatoka kwenda kukaa chumbani na kufunga mlango, maana mwanamume hali mbele ya mama mkwe wake. Wengine siku hizi wameacha. Yeye hakuacha, hata katika fleti ya vyumba viwili. Nami nabaki pale mezani peke yangu na chakula cha heshima. Mara mbili nilikifunga kwenye mfuko wa plastiki nikakitupa njiani, kituo cha mafuta. Kutupa chakula, mimi mtoto wa kambi.

Jumamosi moja nilimaliza korido, nikaegemea mpini. Yeye pale kwenye kiti akasema, "Mungu akubariki, mkwe wangu. Unatoka mbali kwa ajili yangu. Kama una neno la kuniambia, niambie, usiogope. Mimi ni mama yako."

Nikasema sina neno.

"Haya," akasema. "Kona ile umeiacha."

Nilisafisha kona. Njiani kurudi nilisimamisha gari pembeni, nikalia kwa kelele, na kulia kwenyewe kulinitia hasira, kwa sababu nilijiona ninajionea huruma mimi, si yeye.

Nilimwambia mke wangu kesho yake baada ya kanisa. Alikuwa anachambua mchicha. Nilimweleza yote, la tarehe, la jengo, la ofisini kwa wakili. Hakupiga kelele. Mikono yake ilisimama, ikaendelea, ikasimama tena.

"Mama yangu?" akasema. Halafu, "Mama anajua?"

"Hajui."

"Basi atajua kwako. Mimi sikubebei."

Jumatatu asubuhi nikampigia wakili. Nilijiandaa kutukanwa, na laiti angenitukana. Sauti yake ilipoa tu, ikawa ya kazi. Akasema nitatoa maelezo ya kiapo, yaandikwe, na yatasomwa kwa mama mkwe ili ayaelewe kabla hayajatumika. "Na safari hii," akasema, "hutatafsiri wewe."

Kesi yenyewe bado inaenda, barua zinapishana. Kampuni nimeachana nayo, na jengo la Morse anasafisha mtu mwingine, nimerudi ghalani. Siku ninayoibeba mimi ni ile ya kusomewa.

Tulikaa ofisini kwa wakili, mezani palepale, viti vilevile, ila katikati yetu safari hii ilikuwepo simu, na ndani ya simu mtafsiri, mwanamke wa Tanzania ambaye hatukumwona. Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kama cha redioni. Wakili anasoma sentensi, yeye anaitafsiri. Na kwa kuwa maelezo ya kiapo huandikwa kwa sauti ya mwenyewe, mwanamke yule alisema "mimi" kila mara. Mimi ni mume wa binti wa mama huyu. Mimi nilijua kanuni ya siku kumi na nne. Mimi niliandika tarehe isiyo ya kweli kwa mkono wangu. Mimi nilipewa jengo la karibu na nyumbani kwa kuwaleta ndugu za mke wangu. Mimi, katika ofisi hii, sikumwuliza mama mkwe wangu swali nililoambiwa nimwulize, na jibu lake nililigeuza.

Nilikuwa nimeinamisha kichwa. Niliona viatu vya mama mkwe tu, vile vya kazini, vyeupe, vimelegezwa kamba upande wa goti bovu. Havikusogea.

"Mama, umeelewa yaliyosomwa?" akauliza mtafsiri.

"Nimeelewa."

Wakili akauliza jambo, mtafsiri akalileta: "Wakili anauliza, mama, ulijua lini kwamba tarehe ile si ya kweli?"

"Kwamba si ya siku hiyo nilijua palepale mezani kwangu," mama mkwe akasema. "Kalenda ninayo ukutani. Maana yake ndiyo sikuijua. Maana niliijua hapa, siku ile alipokujibu wewe mwanasheria. Nimekunja mashuka na Wamarekani miaka minane, binti yangu. Kusema Kiingereza sijui, kusikia nasikia."

Nikainua kichwa. Alikuwa anaitazama simu, si mimi.

Wakili akauliza tena, na nilielewa swali kabla halijatafsiriwa, nikatamani lisitafsiriwe. Mtafsiri akalileta: "Anauliza, kama ulisikia, kwa nini siku ile hukusema?"

Mama mkwe akapangusa meza kwa kiganja, mahali ambapo hapakuwa na kitu.

"Ni mkwe wangu," akasema. "Nilikuwa namsubiri aseme mwenyewe."

Kisha yule mwanamke akayatafsiri maneno yale kwa wakili kama yalivyo, bila kuongeza, bila kupunguza.